Elbo ya PPR yenye uzi wa shaba: tathmini baada ya kuifunga bafuni

Bomba la plastiki linapokutana na koki ya shaba ndipo penye udhaifu katika nyumba nyingi, na uvujaji wa hapo huweza kujificha nyuma ya vigae hadi rangi ya chumba cha pili ianze kubanduka. Kwa hiyo, tulipokarabati bafu letu hapa Moshi, niliacha elbo (viungo vya kona vya mabomba) za plastiki tupu nikanunua, katika duka la vifaa vya ujenzi mjini, zile za PPR, aina ya plastiki ya mabomba ya maji, zilizozamishiwa pete ya shaba yenye uzi (mikato ya kukazia) wa nusu inchi.

Ubora wake uko katika muundo. Upande mmoja ni plastiki, ambao fundi huuchomelea kwenye bomba kwa mashine yenye joto la nyuzi 260 hivi. Upande wa pili ni shaba inayopokea shaba ya koki. Plastiki ya PPR hutanuka kwa joto karibu mara 8 zaidi ya shaba, na ndiyo maana koki iliyokazwa moja kwa moja kwenye uzi wa plastiki, hasa kwenye njia ya maji ya moto, hulegea taratibu au hupasua mdomo wa elbo. Katika kifaa hiki, uzi wa shaba hukaza uzi wa shaba, na plastiki inabaki kuungana na plastiki mwenzake.

Fundi wetu alipasha bomba la milimita 20 kwa sekunde 5, akalisukuma moja kwa moja bila kulizungusha, akalishikilia hadi plastiki iliyoyeyuka ikafanya pete nyembamba, sawasawa pande zote. Tepu nyeupe aliiviringisha kwenye uzi wa koki kwa kufuata upande wa kukazia, kwani ikiviringishwa kinyume hufumuka koki inapoingia. Maungio yote ni makavu hadi sasa.

Kasoro ninayoilalamikia kwa dhati ni kwamba mwili wa elbo hizi ni duara tupu. Spana haina pa kushika, hivyo nguvu yote ya kukaza koki huelekea kwenye sehemu iliyochomelewa, na fundi alilazimika kuibana elbo kwa spana ya bomba iliyoacha alama za meno. Zipo zenye pande sita kwenye mdomo. Ni ghali zaidi, lakini ndizo ninazozipendekeza. Nendeni pia na sumaku dukani: weupe unaoonekana kwenye uzi kwa kawaida ni mpako wa nikeli juu ya shaba, ila pete ikinaswa kwa nguvu na sumaku, basi ndani ni chuma kitakachoshika kutu.

Kabla ya kuziba ukuta, maji yaachwe ndani ya bomba usiku kucha. Kwa nyumba inayopokea maji moja kwa moja kutoka bomba la mtaa, presha hupanda watu wengi wanapofunga koki zao kwenda kulala, na kiungo dhaifu hujitokeza saa hizo.