Vyeti vya mitandao ya kompyuta nilivyolipia kwa fedha yangu, nikiwa Mtwara

"Shikamoo shangazi. Kuna mtu anauza maandalizi ya CCNA kwa elfu hamsini, anasema maswali yote yanatoka humo humo. Nichukue?"

Mtoto wa kaka yangu ndiye aliyeniandikia hivyo. CCNA ni cheti cha mitandao ya kompyuta cha kampuni ya Cisco. Amemaliza stashahada ya TEHAMA, yuko nyumbani Ligula anatafuta kazi. Nikamjibu: marahaba baba, usichukue, kesho njoo tuongee. Tumeongea kwa siku tatu. Kwa kuwa najua vijana wengi wa huku kwetu, kuanzia Lindi mjini hadi Masasi na Newala, wana swali hilo hilo la fedha moja na vyeti kumi, nimeona niandike niliyomwambia.

Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza mitandao: nyumba za wageni, maghala, ofisi za vyama vya msingi vya korosho, shule chache. Huu ni mwaka wa tisa. Nimelipia vyeti viwili mfukoni mwangu, MTCNA ya MikroTik na CCNA ya Cisco. Vingine nimesoma mitaala yake tu.

Naanza na MTCNA, maana ndiyo iliyonilisha mapema. MikroTik ni kampuni ya Latvia, na rauta zake, visanduku vyeupe vya kugawa intaneti, utavikuta kila kona Mtwara kwa sababu bei yake mtu wa kawaida anaimudu na kimoja kinafanya kazi nyingi. Cheti hiki hakifanyiwi mtihani mpaka uhudhurie darasa la mkufunzi anayetambuliwa nao. Mimi nililifuata Dar es Salaam, siku tatu za kuanzia asubuhi hadi jioni, na mtihani siku ya mwisho: maswali 25, saa moja, unafaulu kwa asilimia 60. Ukipata kati ya 50 na 59 unapewa nafasi ya kurudia hapo hapo. Ni mtihani mfupi, lakini zile siku tatu kila mtu ana rauta yake mezani, anaiharibu na kuitengeneza mwenyewe. Hapo ndipo thamani ya fedha ilipo.

Mfano. Kuna hoteli moja hapa mjini niliitwa siku ya pili ya semina. Washiriki 120, mtandao unawaka, alama ya Wi-Fi imejaa, lakini nusu ya watu simu zao zinazunguka tu na kukataa. Meneja alikuwa ameshampigia mtoa huduma mara tatu akilalamika kwamba intaneti ni dhaifu. Nikafungua Winbox, programu ya kuongozea vifaa vya MikroTik, nikaenda moja kwa moja kwenye DHCP, sehemu inayogawa anwani kwa kila kifaa kinachoingia. Bwawa la anwani lilikuwa lile lile linalokuja na kisanduku kutoka kiwandani, kuanzia 192.168.88.10 hadi 254. Ni anwani 245. Aliyefunga kabla yangu alikuwa ameweka muda wa kushikilia anwani siku 3. Sasa piga hesabu: watu 120, kila mmoja na simu mbili au simu na kompyuta, ongeza wageni wa vyumbani na waliolala jana wakaondoka lakini anwani zao bado zimeshikiliwa. Zimekwisha! Anayechelewa kuamka anakosa. Nikapanua mtandao hadi ukubwa unaoandikwa /22, unaotoa anwani 1,022, nikashusha muda wa kushikilia hadi saa moja. Kabla ya chai ya saa nne ukumbi mzima ulikuwa hewani. Hoteli ile ni wateja wangu mpaka leo.

Kasoro ya MTCNA ni mbili. Kinakwisha baada ya miaka 3, na njia ya kukihuisha inakurudisha kulekule kwenye gharama. Changu kilipokwisha sikukirudia, na hakuna mteja aliyeniuliza. La pili ni kubwa zaidi: ukipeleka maombi kwenye kampuni kubwa, anayepokea barua mara nyingi hajawahi kukisikia. Ni cheti cha fundi anayejulikana kwa kazi yake, bado hakimfungulii mlango mtu asiyejulikana.

Anayetaka mlango ufunguke, hapo ndipo CCNA inapoingia.

CCNA ina bei. Mtihani ni dola 300, na mimi nimeulipa mara mbili. Mara ya kwanza, 2021, nilishindwa. Nilikuwa nimesoma vizuri kwa miezi mitano, lakini sikuwa nimejua jambo dogo lenye uzito mkubwa: kwenye mtihani wa Cisco ukishavuka swali huwezi kulirudia. Mimi tangu shule ya msingi nimezoea kuruka gumu nilirudie mwisho. Swali la nane tu nikakwama kwa dakika kumi nikiogopa kuliacha, na dakika ni 120 zote kwa zote. Mwisho nilikuwa nabonyeza majibu bila kusoma. Niliumia. Fedha ile ilikuwa ya msimu mzima wa kufunga kamera.

Kuna watu watakuambia ufanyie nyumbani, maana siku hizi inaruhusiwa. Fikiria nyumba yako kwanza. Msimamizi anakuangalia kwa kamera, meza iwe tupu, chumba kiwe na mtu mmoja tu, na mtu akiingia mtihani unaweza kusimamishwa. Kwangu, Magomeni ya hapa Mtwara, watoto wa jirani wanaingia bila hodi na hakuna anayewakataza. Nikapanda basi la Dar, nikashukia Mbagala, nikalala kwa dada yangu, asubuhi nikaenda kituoni. Machi 2022 nikafaulu.

Mtaala wake, 200-301, ulianza kutumika Februari 2020 ukachukua nafasi ya CCNA nyingi zilizokuwa zimegawanyika, na Agosti 2024 wakaufanyia marekebisho madogo. Robo nzima ya mtihani ni jinsi pakiti, yaani kifurushi cha data, inavyopata njia kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Asilimia 10 ni kuendesha mitandao kwa programu, na hiyo, kusema kweli, kwa kazi za Mtwara sijaigusa hata siku moja. Lakini sehemu ya swichi, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta za ofisi kwa waya, peke yake imenirudishia dola zote.

Ofisi ya chama kimoja cha msingi, msimu wa korosho, wiki ya malipo. Wakulima wamekaa chini ya mwembe tangu alfajiri, wengine wametoka vijijini na nauli ya kuazima, na kompyuta tano za ofisi hakuna hata moja inayoona nyingine. Karani anaapa kwamba hawajagusa kitu. Nikaingia kwenye kachumba ka vifaa, nikaitazama swichi. Taa zote zinapepesa pamoja, kwa kasi moja, kama zimeambiana. Swichi isiyo na tatizo haipepesi hivyo; kila taa ina mwendo wake, huyu anapakua, yule katulia. Zikipepesa zote kwa pamoja ujue kuna lupu: ujumbe umetoka tundu moja umerudi kwa tundu lingine, unazunguka na kuongezeka hadi hakuna nafasi ya kitu kingine. Nikaanza kuchomoa waya mmoja mmoja huku nikitazama taa. Wa sita ulipotoka, zikatulia zote. Nikaufuata ule waya kwa mkono: mwisho wake wa pili ulikuwa tundu la saba la swichi ile ile. Mfagiaji aliukuta unaning'inia akaona vibaya, akauchomeka palipokuwa wazi. Mama wa watu alikuwa na nia njema kabisa, na niliwaomba wasimgombeze. Swichi nyingi za bei ndogo hazina kinga dhidi ya lupu, na kinga hiyo inaitwa STP. Ndiyo niliyoilalamikia usiku mwingi nilipoisoma kwa ajili ya CCNA, nikijiuliza itanisaidia nini. Malipo yalianza saa tano.

Na Mei 2024 mnaikumbuka. Tarehe 4 kimbunga Hidaya, barabara ya Dar ikakatika upande wa Lindi, na tarehe 12 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika, intaneti ikayumba nchi nzima. Simu yangu haikupoa. Wateja wawili walikuwa wameshaambiwa na fundi mwingine wanunue rauta mpya. Nilipima njia ya pakiti: rauta ya ndani inajibu, ya mtoa huduma inajibu, safari inaishia mbele huko inapotoka nje ya nchi. Nikawaambia wakae na fedha yao. Rauta mpya isingeunganisha waya uliokatika chini ya bahari.

Kwa hiyo nikiulizwa kama CCNA inastahili dola 300, nasema ndiyo, kwa aliyeisomea. Ndiyo maana lile suala la elfu hamsini limeniuma. Wanachouza ni maswali yaliyoibwa na majibu yake. Ukikamatwa Cisco wanaweza kukufutia cheti, hilo ni moja. Ila hata usipokamatwa, siku utakayosimama mbele ya swichi inayopepesa na watu wako chini ya mwembe, utakuwa na karatasi mkononi na kichwa kitupu. Nilishawahi kufanya kazi na kijana wa namna hiyo. Aliajiriwa kwa cheti, hakujua tofauti ya anwani ya mtandao na anwani ya kifaa, na aibu aliyoipata mbele ya wateja ilimfanya aache fani kabisa. Alikuwa na akili nzuri. Aliyemuuzia majibu alimharibia.

Angalieni pia jambo lingine linalowachanganya wengi. Kozi za Networking Academy za Cisco zinatoa cheti cha kumaliza kozi. Ni kozi nzuri, na programu yao ya mazoezi, Packet Tracer, ni ya bure. Mimi nimejenga humo mitandao mizima kabla sijawahi kushika rauta ya Cisco kwa mkono. Lakini kumaliza kozi hizo si kuwa na CCNA. CCNA ni ule mtihani. Nimeona watu wanaandika kwenye wasifu kwamba wana CCNA, kwa kutojua, wakaumbuka kwenye usaili.

CCNA nayo inakwisha baada ya miaka 3. Yangu niliihuisha mapema 2025 bila kurudia mtihani, kwa kukusanya alama 30 za kozi za kujiendeleza, nyingine zikiwa za bure. Weka tarehe kwenye simu, usingoje mwezi wa mwisho.

Hivyo vingine nitavipitia haraka. Network+ ya CompTIA haifungamani na kampuni yoyote, na mtaala wake ndio ulionifundisha kupanga mawazo wakati wa kutafuta hitilafu. Toleo la sasa, N10-009, limeanza Juni 2024. Mtaala unapakuliwa bure, kwa hiyo pakua, usome wote. Mtihani wenyewe unapita dola 300, na kwa bei hiyo huku kwetu afadhali CCNA. HCIA-Datacom ya Huawei, dola 200, nampendekezea kijana anayelenga kampuni za wakandarasi wa minara ya simu. JNCIA ya Juniper, kampuni nyingine ya vifaa vya mitandao, ni mtihani mzuri, lakini kwa miaka tisa sijakutana na kifaa cha Juniper katika ofisi yoyote niliyoingia kati ya Mtwara na Lindi. Na kuna mtu aliniuliza kama anaweza kurukia CCNP, cheti cha Cisco cha ngazi ya juu ya CCNA, moja kwa moja, kwa kuwa tangu 2020 Cisco hawamlazimishi mtu awe na CCNA kwanza. Anaweza. Mtihani wa msingi tu ni dola 400, kisha kuna wa pili. Sijui kwa nini mtu ambaye hajakrimpu waya, yaani kuufunga kichwa cha kuchomekea, akafanye hivyo.

Mtoto wa kaka yangu nimemwambia hivi. Miezi sita ya kwanza asilipie mtihani wowote. Afanye kazi na mimi, jioni asome mtaala wa CCNA na kujenga kwenye Packet Tracer. Akipata fedha ya kwanza ya kueleweka, aende darasa la MTCNA, kwa sababu hicho kitamrudishia gharama ndani ya msimu mmoja hapa hapa. Kisha akiba ya CCNA aiweke pembeni, dola 300 kamili za mtihani na nyingine za nauli na kulala, na asiziguse mpaka aweze kugawa mtandao wa /24, wenye anwani 256, kuwa mitandao midogo kwa kalamu na karatasi bila kikokotoo, kwa dakika moja. Mwanaume alinuna kidogo. "Shangazi, wenzangu wana vyeti vitatu tayari." Nikamuuliza wangapi kati yao wana kazi ya mitandao. Akataja mmoja, tena wa kurithi duka la baba yake.

Jana amenitumia picha ya daftari. Amefika kwenye kuugawa kwa /27, mitandao midogo 8, vifaa 30 kila mmoja, na amekosea anwani ya mwisho ya mtandao wa tano: ameandika 126, ambayo ni anwani ya mwisho ya kutumika ya mtandao wa nne. Nimemwandikia arudie kuanzia 128. Jumamosi tunakwenda Mikindani kufunga aksesi pointi nne, vifaa vya kurusha Wi-Fi, kwenye nyumba ya wageni, nimemwambia aje na krimpa yake.