Nimetoboa boneti ya Impreza kuweka venti (matundu ya kutolea joto), uzoefu wangu

Gari yangu ni Impreza turbo, ile yenye intakula (kipoza hewa ya turbo) juu ya injini, na wale wa Likoni mwajua foleni ya feri jioni inavyokuwa, joto la mji, AC imewashwa, magari hayasongi. Nikivuka ng'ambo gari imekuwa nzito haivuti kabisa na boneti haishikiki. Rejeta nilishasafisha, feni zote mbili zafanya kazi, moto ulikuwa unakaa tu mle ndani hauna pa kutokea.

Boneti ya kaboni bei yake siiwezi, basi nkaamua nitoboe hii hii iliyokuja na gari. Venti mbili za alumini 4,500, fundi wa bodi Changamwe 3,000, praima na rangi na riveti 1,200. Zile za plastiki ni rahisi zaidi lakini sikuziamini na moto wa turbo.

Fundi alitaka kuziweka nyuma karibu na kioo, ati huku ndo moto uko bosi. Nkamwambia hapana fundi, hapo upepo ukigonga kioo presha inapanda, hewa badala ya kutoka itaingia. Hilo nlikuwa nshalipima mwenyewe. Nlinunua paipu nyembamba ya plastiki, ile unaona ndani, nkatia maji ya rangi nkaikunja kama U kwenye dashibodi, ncha moja nkaipitisha chini ya boneti, nyengine nkaibandika juu kwa tepu, tukatoka alfajiri barabara ya Mtwapa mimi naendesha mdogo wangu anasoma. Kwa 80 ncha ikiwa mbele, nyuma kidogo tu ya rejeta, maji yalivutwa kama sentimita moja kuelekea ncha ya juu, yani pale hewa inatoka. Tukaisogeza karibu na kioo, maji yakahamia upande wa pili! Paipu ya shilingi 100 jamani, na ndo iliyoniokolea boneti.

Kabla ya kukata inua boneti uangalie mbavu zake kwa chini, usiguse ubavu wala sehemu ya loki, ndo nguvu ya boneti hizo. Fundi alitumia grainda na diski nyembamba, akiharakisha bati linapata moto linajikunja kwa hivo nlisimama pale pale namwambia polepole. Kingo zikapigwa faili halafu praima mara mbili, na silikoni kati ya alumini na bati, sababu hii hewa yetu ya chumvi bati likibaki tupu siku mbili tu lishashika kutu.

Sasa matokeo. Kwa skana ya OBD, ile inayosoma kompyuta ya gari, joto la maji ya injini limeshuka digrii mbili tu, thamostati (vali inayodhibiti joto la maji) ndo inalishikilia, so usiweke venti ukitarajia zitibu rejeta mbovu. Lakini hewa inayoingia kwenye injini foleni ya feri ilikuwa inafika 54, sasa 46, na hapo ndo naona raha, nikishuka ferini gari inavuta. Nikiizima naona kabisa joto linavyotetemeka juu ya venti.

Ubaya wake ni mvua. Venti moja iko juu ya altaneta, na mvua ya kwanza mkanda ulipiga kelele mpaka Mtongwe. Nimefunga trei ya alumini chini yake, imeachwa nafasi ya vidole viwili hewa ipite, maji yanamwagika pembeni. Ya upande wa pili bado sijaifunga, naifanya wiki hii kabla masika hayajachanganya.