Huduma ya kutazama mechi za vyuo: beki wa pembeni haonekani

Kwa mwezi mzima, kila Jumamosi usiku hapa South B, Nairobi, nimetumia huduma hii kumpima beki wa pembeni (cornerback) wa futiboli ya Marekani katika chuo kimoja cha huko, anayetarajia kuingia NFL, ligi ya kulipwa ya mchezo huo. Picha ni safi na haikatikatiki, lakini kamera huufuata mpira, hivyo beki anapokimbizana mbele na mpokeaji, yaani mpinzani anayekimbia kudaka pasi, hutoweka, na mtazamaji haoni kama anageuza nyonga kwa wepesi au anamvuta mpinzani huyo jezi, kosa ambalo NFL, inayoadhibu mguso baada ya yadi 5 kutoka mstari wa kuanzia mchezo, haitamsamehe. Ahmad Gardner, beki wa pembeni aliyechaguliwa wa 4 katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NFL mwaka 2022, hakufungwa tachidauni (bao la kufikisha mpira eneo la mwisho la uwanja) hata moja akiwa Chuo Kikuu cha Cincinnati, na ustadi wa namna hiyo hujengwa pale kamera isipofika. Marudio kutoka juu yapo, ila ni machache mno.