Kozi fupi ya uhudumu wa mezani iliyotangazwa kwa jina la AFCON

Tangu CAF, shirikisho la soka la Afrika, ilipotangaza tarehe 27 Septemba 2023 kwamba Kenya, Uganda na Tanzania zitaandaa kwa pamoja AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, ya 2027, na hasa tangu ujenzi wa uwanja mpya wa watazamaji 30,000 ulipoanza katika kata ya Olmoti hapa Arusha, matangazo ya mafunzo ya muda mfupi yamebandikwa hadi kwenye nguzo za umeme. Lililonivuta mimi, mwenye mgahawa mdogo, lilikuwa na picha ya mpira juu ya sinia, na liliahidi kumwandaa mhudumu "wa kiwango cha AFCON" kwa wiki tatu. Nikawalipia wahudumu wangu wawili shilingi 150,000 kila mmoja.

Mafunzo yenyewe ni mazuri. Siku niliyoruhusiwa kuketi nyuma ya darasa, mkufunzi alipuliza filimbi, akabonyeza saa, akasema timu zimekwenda mapumziko: kila mwanafunzi alikuwa na dakika 15 za kupokea oda za meza tatu, kufikisha chakula na kurudisha chenji kabla ya kipindi cha pili. Mhudumu wangu wa siku nyingi, ambaye kwa miaka tisa alizoea kwenda jikoni mara mbili kwa meza moja, alibeba sahani tatu kwa mkono mmoja, ya tatu ikiwa imelala juu ya kigasha. Alimaliza dakika ya 17, wenzake wakamcheka. Siku mbili baadaye akamaliza ya 13. Hilo ndilo somo pekee ambalo mpira ulifundisha kitu. Kwingineko ulikuwa pambo la tangazo.

Kasoro kubwa ni lugha. Wageni wa Senegal, Mali au Algeria watakuja na Kifaransa chao, lakini kozi haikugusa hata salamu wala namna ya kumweleza mtu bei. Cheti nacho ni cha mahudhurio tu. VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi, ambao aliyejifunzia kazini hupimwa na kupewa cheti kinachotambulika, na mtu wa miaka tisa kazini alistahili kuelekezwa huko tangu siku ya kujiandikisha, badala ya kuuziwa karatasi yenye picha ya mpira. Nilipoulizia ile ahadi ya kuwaunganisha wahitimu na hoteli zitakazopokea timu, nilijibiwa kwamba mchakato unaendelea, na anayeishi nchi hii anajua jibu hilo lina maana gani.

Hata hivyo, awamu ijayo nitampeleka msaidizi wa jikoni, kwa ajili ya zile dakika 15 tu. Kifaransa tumeanza kufundishwa na mteja wetu Mkongo anayekunywa chai hapa kila asubuhi, na malipo yake ni chapati mbili.