Mizani ya kidijitali jikoni: uzoefu wangu na mahamri na bofulo, Lamu

Mizani yangu ilitoka Mombasa kwa basi hadi Mokowe, ikavuka kwa boti. Ni ile bapa yenye sahani ya kioo, inabeba mpaka kilo 5 na kusoma gramu moja moja. Bei haikufika shilingi elfu mbili. Napika mahamri na bofulo (mikate) za kuuza hapa mtaani Langoni, na sikandi tena kabla ya kuiwasha.

Wengi huisifu kwa kupima unga, na ni kweli: kikombe kimoja cha unga uliochekechwa huweza kuwa gramu 120, na kile kile ukichota kwa kushindilia kikapita 150. Lakini mimi faida kubwa nimeiona kwenye madonge. Mahamri hununuliwa kwa idadi, kwa hiyo anayepewa dogo amepunjwa. Kwa kilo moja ya unga natia sukari gramu 150, tui kama gramu 550, hamira na iliki. Jumla huja karibu gramu 1,700. Nakata madonge kumi ya gramu 170, kila moja nalisukuma duara na kulikata vipande vinne. Napata arubaini yanayolingana, na karaini yanaiva pamoja, hakuna dogo linaloungua huku kubwa lingali bichi ndani. Mama yangu hahitaji haya yote, akitia mkono ungani anajua. Mimi nauza, na mteja wa leo anataka hamri lile lile la jana.

Tui lenyewe silimimini lote kwa kufuata namba. Hewa ya huku ina unyevu, na unga uliokaa wazi wakati wa masika huwa umeshakunywa maji yake. Nabakiza kidogo pembeni, naongeza mkono ukiniambia.

Kasoro zipo, na nataka mnunuzi azijue. Mizani hujizima yenyewe baada ya muda mfupi, na ukiiwasha tena ikiwa tupu kisha ukalirudisha bakuli, uzito wake uliokwisha kuufuta unarudi kuchanganyika na wa unga. Dawa yake: pima bakuli tupu, andika uzito wake chini yake kwa kalamu ya wino usiofutika. Ya pili, ukimwaga hamira pole pole kama chumvi, mara nyingine haihesabu chochote, kwa sababu inachukulia mabadiliko madogo kuwa ni mtikisiko tu. Tia hamira kwenye kibakuli pembeni, kisha iweke juu kwa mara moja. Zima na feni pia, upepo wake hutosha kuchezesha namba.

Kitufe cha mililita sikiamini ila kwa maji. Kwenye maji mililita moja ni gramu moja, lakini mafuta ni mepesi: mililita 100 ni kama gramu 92. Mizani haijui umemimina nini.

Betri ndiyo inayohitaji uangalizi hasa. Hewa ya chumvi inakula vile vyuma vyake vidogo, vinaota kutu ya kijani. Naifuta kwa kitambaa kikavu, naihifadhi ndani ya mkebe wenye kifuniko, na ikikaa bila kazi natoa betri. Kuihakiki ni rahisi: pima chupa tupu, ijaze maji lita moja kwa kipimo unachokiamini, pima tena. Tofauti iwe karibu na gramu 1,000.

Kwa bofulo la nusu kilo ya unga nahitaji hamira kavu gramu 5 na chumvi gramu 10. Hapo kukosea gramu moja kwenye hamira ni sehemu ya tano nzima, na mizani hii haina wepesi huo. Nimeongeza ile ndogo ya mfukoni inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, kama za masonara. Hii kubwa naipa nyota nne. Anayepika kwa ajili ya nyumbani tu inamtosha. Anayeuza mikate anunue zote mbili.