Uzoefu wangu: Kununua viazi kwa majina yao, kutoka Nyandarua hadi jikoni Mombasa

Sisi watu wa Pwani tuna mazoea ya kuuliza majina ya vyakula. Mchele tunauliza kama ni pishori, na embe tunataka kujua kama ni ngowe, boribo au dodo kabla ya kutoa pesa, lakini mbatata tunainunua kama kwamba dunia nzima ina mbatata moja tu. Mimi pia nilikuwa hivyo hivyo kwa miaka mingi. Nilikuwa nikienda Kongowea, nachagua viazi vikubwa visivyo na michubuko, kisha nashangaa nyumbani kwa nini wiki hii katlesi zimeshikana vizuri na wiki iliyofuata viazi karai vimesambaratika sufuriani kabla sijavitia kwenye unga.

Mwaka jana niliunganishwa na muuzaji mmoja wa Nyandarua ambaye hukusanya viazi kwa wakulima na kuviuza kwa aina, kila aina katika mfuko wake wa wavu wenye kibandiko cha jina, kuanzia kilo 10. Unaagiza kwa simu, unalipa, na mzigo unapakiwa kwenye basi la usiku. Niliagiza kilo 40: kumi za Shangi, kumi za Dutch Robijn, kumi za Unica na kumi za Markies. Pamoja na nauli ya basi, kila kilo ilinigharimu karibu mara moja na nusu ya bei ya sokoni siku zile, na jambo hili nalitaja mapema kwa sababu msomaji atakayeona ni ghali hana haja ya kuendelea.

Nianze na Shangi, kwa kuwa ndiyo ambayo Wakenya wengi wanaila bila kujua jina lake. Ganda lake ni jeupe lenye kuelekea rangi ya malai, macho yake yana wekundu kidogo, na sifa yake kubwa ni kuiva upesi, jambo ambalo kwa mtu anayepikia gesi si dogo. Wakulima waliipenda na kuisambaza wao kwa wao kabla haijasajiliwa rasmi, kwa kuwa inazaa sana na inakomaa mapema. Kasoro yake ni kwamba usingizi wake ni mfupi mno. Kila kiazi kikivunwa hulala kwa muda kabla ya kuchipua, na urefu wa usingizi huo hutegemea aina na joto la mahali kinapowekwa. Shangi hata kule kwenye baridi ya Kinangop haikai sana, sembuse Mombasa ambako stoo yangu mwezi Februari haishuki chini ya nyuzi 28. Siku ya kumi na mbili niliikuta imetoa machipukizi kama meno ya mtoto.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la kutia kilo tatu kwenye friji. Nilidhani nimeiokoa. Wiki mbili baadaye nilikaanga chipsi zake zikatoka za kahawia iliyokolea, zenye utamu usiopendeza, huku ndani hazijaiva sawasawa. Sababu inaeleweka: kiazi kikikaa kwenye baridi ya friji, sehemu ya wanga wake hugeuka sukari, na sukari hiyo huungua haraka kwenye mafuta ya moto. Viazi vilivyobaki nilivitoa na kuviacha nje kwa zaidi ya wiki moja, vikapata nafuu kiasi, ingawa havikurudia hali yake ya mwanzo. Kwa mchuzi vilifaa, kwa karai la mafuta havikufaa.

Njia iliyonifaa ni ya kizamani kabisa. Nilichukua pakacha mbili za makuti, nikatandika karatasi za kaki chini, nikapanga viazi bila kuvijaza hadi juu, nikavifunika kwa gunia la katani na kuziweka sakafuni kwenye kona ya stoo isiyopigwa na jua wala kukaribiana na jiko. Pakacha hupitisha hewa kila upande, na hewa ndiyo inayozuia unyevu wa Pwani usigeuke uozo. Gunia linazuia mwanga, kwa kuwa kiazi kinachopigwa na mwanga huwa kijani na kujenga solanini, sumu yenye uchungu ambayo haitoki kwa kuchemsha. Penye ukijani kidogo nakata kwa kina, na kiazi kilichoenea ukijani nakitupa bila kusitasita. Vitunguu nilivihamishia rafu nyingine, na kila Ijumaa nilipekua pakacha kutoa kiazi chochote kilicholainika, maana kimoja kikioza majirani zake hufuata.

Katika pakacha hizo Markies na Dutch Robijn zilinishangaza. Markies, aina yenye asili ya Uholanzi, ilikaa wiki sita bila chipukizi la maana. Dutch Robijn nayo, ambayo jina lake linatokana na yakuti nyekundu kwa Kiholanzi na ambayo imelimwa Kenya kwa miongo mingi kwa ajili ya krispi, ilifika wiki ya tano. Unica ilianza kuchipua wiki ya nne, lakini sitailaumu aina yenyewe: mfuko wake ulikuja viazi vikiwa vimeoshwa. Ni kweli vilipendeza kwa macho, ila kiazi kilichooshwa hupoteza kinga ya udongo mkavu na hubeba maji kwenye kila mkwaruzo, na viwili vilikuwa tayari vimeanza kunuka.

Kwenye upishi nilianza na jaribio la maji ya chumvi ambalo kila mpishi wa nyumbani anaweza kulifanya: kikombe kimoja cha chumvi katika vikombe kumi na moja vya maji, koroga hadi iyeyuke, kisha tumbukiza kiazi. Kinachozama kina wanga mwingi na kitakuwa cha unga unga kikiiva. Kinachoelea kina maji mengi na kitashikamana. Markies na Robijn zilizama. Unica zangu nyingi zilielea. Shangi zilinigawanyikia, nyingine chini na nyingine juu, na nadhani hapo ndipo lilipo jibu la katlesi zangu za miaka yote.

Chipsi za Markies ndizo bora nilizowahi kupika nyumbani. Kiazi chenyewe ni kirefu na macho yake ni ya juu juu, hivyo kumenya ni kazi nyepesi. Nilikata, nikasuuza wanga wa juu, nikakausha kwa kitambaa, nikakaanga kwanza kwa moto wa wastani hadi zikalainika bila kubadilika rangi, nikazipumzisha, kisha nikazirudisha kwenye mafuta makali kwa dakika mbili tatu. Robijn ni ndogo, ya mviringo, yenye macho ya kina yanayokula muda na kisu, lakini bhajia zake, zilizokatwa nyembamba na kuchovywa kwenye unga wa dengu wenye kotimiri, zilibaki kavu hata baada ya kupoa. Unica ilipata heshima yake kwenye biriani. Niliikaanga nzima nzima, nikaipika kwenye masala, na haikuvunjika hata kimoja, mama mkwe, ambaye si mwepesi wa sifa, alichota cha pili akasema, "Mwanangu, leo mbatata imetulia." Kwenye mchuzi wa nazi pia ilishika umbo lake. Viazi karai nilivifanya kwa Shangi, kwa sharti moja: vichemshwe na maganda na kuepuliwa vikiwa bado vigumu kidogo katikati, la sivyo utapata uji.

Lalamiko langu kubwa kwa muuzaji ni la mfuko wa Robijn. Karibu robo yake ilikuwa aina nyingine yenye ganda jekundu pia, lakini ukikata ndani ni nyeupe badala ya manjano hafifu ya Robijn. Na mtu akilipia jina, jina ndilo analotaka. Nilipompigia alinijibu kwa adabu, "Pole dada, wakulima wawili walichanganya wakati wa kuvuna," akaniongezea kilo mbili kwenye mzigo uliofuata. Nilimwomba pia asioshe viazi, na asikubali vilivyovunwa kabla ya ganda kukaza, kwa kuwa baadhi ya Shangi zilichunika kwa kidole gumba. Mkulima akikata majani wiki mbili hivi kabla ya kuchimba, ganda hukomaa na kustahimili safari. Mzigo wa pili ulikuja na udongo wake, mkavu, na Robijn zote zilikuwa za manjano ndani.

Shangi sitaagiza tena kutoka mbali. Nitaendelea kuinunua Kongowea kilo mbili mbili na kuipika ndani ya wiki, kwa bei ya chini na bila nauli. Kwa Ramadhani inayokuja nimeshaweka oda ya kilo 15 za Markies na kumi za Robijn, zifike wiki moja kabla ya mwezi kuandama, na pakacha ya tatu nimeshaisukisha.