Nilivyochagua laptopu ya kurekodia muziki hapa Dodoma

Mwezi wa saba mwaka jana nilikuwa narekodi kwaya ya watu ishirini na wawili kwenye chumba changu cha studio, Nkuhungu. Wimbo wa tatu ulipofika kwenye kibwagizo, sauti kwenye hedifoni ikaanza kukatakata kama redio inayotafuta stesheni, laptopu ikaganda, kisha programu ikajifunga yenyewe. Walikuwa wameurudia wimbo ule mara nne. Mwalimu wa kwaya akaniuliza kwa upole, "Kaka, turudie tena?" Akina mama wa sauti ya kwanza walishaanza kukauka koo. Niliwaomba radhi, nikawapa nauli ya kurudi, na jioni ile nikaamua mashine ile sitamrekodia mtu tena.

Nilikuwa nimeinunua kwa kuamini stika. Iliandikwa i7, jina la prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, nami kama wengi nilijua i7 ni kubwa kuliko i5, basi. Kumbe i7 ya laptopu nyembamba za kizazi cha saba, zile zenye herufi U mwishoni, kwa kawaida ina kori mbili tu, yaani sehemu mbili za kufanya kazi kwa wakati mmoja. i5 ya kizazi cha nane, kama 8250U au 8350U, ina nne. Kwa anayeandika barua ofisini tofauti hiyo haionekani. Kwa anayeendesha traki kumi na sita, yaani njia za sauti zinazorekodiwa kila moja peke yake, na kila moja na plagini zake za kurekebisha sauti, ndiyo inayoamua kama kazi inakwisha au haikwishi. Kwa hiyo tazama namba inayofuata baada ya ile i5 au i7. Ikianza na 8, uko pazuri kwa bei za mtumba. Faida nyingine ni kwamba kizazi cha nane kinapokea Windows 11, na Windows 10 ilikoma kupewa masasisho ya bure ya kawaida Oktoba 2025.

Prosesa ikizidiwa, dawa ya haraka ni kupandisha bafa, yaani kuipa kompyuta muda zaidi wa kuchakata sauti kabla ya kuitoa. Bafa ya sampuli 128, yaani vipande vidogo vya sauti, kwenye kiwango cha sampuli 44,100 kwa sekunde ni kama milisekunde 3, sikio halishtuki. Ukipanda hadi 1,024 unafika milisekunde 23, tena hapo ni kuingia tu, bado kutoka. Mwimbaji anajisikia nyuma ya mdomo wake mwenyewe na anaanza kuuburuta wimbo. Nimewaona waimbaji wazuri kabisa wakijilaumu kwamba leo hawako sawa, kumbe ni mashine. Saundi kadi nyingi, yaani vile vifaa vya kuunganishia maiki na kompyuta, zina swichi ya kumpa mwimbaji sauti yake moja kwa moja bila kupita kwenye kompyuta, na inasaidia sana, lakini wengi wanataka wajisikie na mwangwi kidogo, na mwangwi huo unatengenezwa ndani ya kompyuta.

Bajeti yangu ilikuwa laki saba. Kwa laki saba unapata laptopu mpya inayong'aa, lakini nilizoziona zilikuwa na prosesa dhaifu na RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 4 iliyochomelewa kwenye ubao, huwezi kuongeza. Nilitamani MacBook Air ya M1, ile ya mwaka 2020. Rafiki yangu wa Area D anayo na ni mashine safi kwa kazi hii: haina feni, unaiweka karibu na maiki na hakuna kinachosikika. Bei niliyotajiwa ilizidi mara mbili ya mfuko wangu, na RAM yake unayonunua nayo ndiyo utakayozeeka nayo. Nikarudi kwenye mtumba.

Dukani, si mbali na soko la Majengo, nilikwenda na begi zima: saundi kadi, maiki, hedifoni na flashi yenye mradi wa ile kwaya. Kijana wa duka alishangaa. "Kaka, unataka kuimbia hapahapa?" Nikamwambia ndiyo, mdogo wangu, nipe nusu saa. Alinipa kiti na soketi, na namshukuru mpaka leo. Mashine ya kwanza niliyoijaribu ilikuwa na namba nzuri zote, lakini nilipovaa hedifoni na kupandisha geini, yaani nguvu ya sauti ya maiki, nikasikia mlio mwembamba, kama mbu aliyekaa juu ya bega. Nikachomoa chaja. Kimya. Nikaichomeka, mbu akarudi. Chaja kama hizo, hasa kwenye soketi isiyo na waya wa ardhi, zinapitisha uchafu wa umeme hadi kwenye saundi kadi, na nyumba nyingi tunazopanga hazina waya huo. Nikaiacha hapo hapo.

Ya pili ilikuwa ThinkPad T480, i5-8350U, RAM GB 8, SSD, yaani diski, ya GB 256. Nikazima Wi-Fi, nikaendesha LatencyMon kwa dakika kumi. Hii ni programu ya bure inayoonyesha kama kuna draiva, yaani programu ndogo inayoendesha kifaa, inayoiziba njia ya sauti. Haikulalamika. Nikafungua mradi wa kwaya kwa bafa ya 128, wimbo uleule wa tatu, kibwagizo kilekile. Ukapita mpaka mwisho. Nililipa laki sita na elfu themanini, na wiki iliyofuata fundi akaniongezea RAM kwenye nafasi ya pili ikafika 16.

Kilichonifunga kabisa kwa mashine hii ni betri. Ina mbili: moja ndani, nyingine unaibandua kwa chini na kupachika nyingine huku mashine inawaka. Umeme ukikatika katikati ya mstari, mwimbaji anaendelea, kwa sababu saundi kadi yangu nayo inakula umeme kutoka kwenye laptopu. Betri ya nje niliyoikuta ilikuwa imechoka kwa matumizi ya mwenyewe wa kwanza, nikanunua nyingine. Wekeni hesabu hiyo kwenye bajeti tangu mwanzo.

Diski haikunisumbua kama nilivyoogopa. Traki moja ya biti 24 kwenye kiwango cha sampuli 48,000 kwa sekunde inakula kama MB 8.6 kwa dakika, kwa hiyo wimbo wa dakika tano wenye traki nne haufiki hata MB 200. Kinachojaza SSD ni maktaba za vinanda na ngoma tunazopakua. Hizo nimezihamishia kwenye diski ya nje.

Vumbi ndilo adui wa hapa. Miezi ya upepo napuliza na kupiga brashi matundu ya feni kila wiki mbili, maana feni ikiziba inazunguka kwa nguvu na maiki inaisikia. Laptopu naiweka upande wa pili wa blanketi zito, nyaya zinapita chini.

Septemba niliibeba hadi Mvumi kurekodi akina mama wa muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, na mzee mmoja mpiga ilimba, ala ya kucha za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba, ambayo marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, aliifikisha kwenye majukwaa ya Ulaya. "Mbukwenyi," wakatupokea kwa salamu ya Kigogo, tukakaa chini ya mti, umeme wa betri tupu. Ilimba ya mzee yule ina matundu yaliyobandikwa utando wa buibui, na kila ukucha wa chuma ukipigwa utando unatetemeka kwa mzizimo mdogo sana. Studio, nikirekodi ilimba huku nimechomeka chaja, mzizimo kama huo ulikuwa unamezwa na kelele za umeme. Pale nilimvalisha mzee hedifoni, akasikiliza amefumba macho, kisha akanigusa mkono: "Mwanangu, hata buibui umemchukua."

Betri zote mbili zilidumu kwa masaa matatu na dakika kadhaa kabla ya kunionya. Sasa natafuta betri ya nje ya tatu, maana akina mama wale wameniita tena baada ya mavuno na wana nyimbo za usiku.